Lori Tulilolisingizia

Mwanangu Mwanahamisi,

Sanduku lako liko hapa karibu na mguu wangu, limefungwa kamba tayari, na wewe umekwenda Mlandizi kumuaga bibi yako. Niliomba kalamu, karatasi na utulivu. Mama yako amenipa vyote isipokuwa utulivu, maana anapita kila mara kuuliza nimefika wapi. Nimemwambia barua ni kama muhogo, huwezi kuufukua kila saa kuangalia umekua kiasi gani.

Mambo ya sabuni, ya nauli, ya watu wa kukaa nao na watu wa kuwakwepa, ameyasema yeye wiki nzima na atayarudia kesho kituoni. Sina la kuongeza. Nina habari nyingine kabisa, na nimeshaweka kalamu chini mara mbili nikiiandika. Usidhani ni moyo wangu mbovu peke yake. Ni furaha. Mzee ambaye kupanda ngazi mbili za zahanati kwake ni safari, amepata jambo jipya linalomwamsha kabla ya adhana akalifikirie. Sikutegemea kwamba ningefika ukingoni mwa maisha nikiwa na hamu ya kujua kama mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini habari hii njema imesimama nyuma ya habari mbaya, kama mtu mfupi nyuma ya mtu mrefu. Basi huyu mrefu apite kwanza.

Unaijua hadithi ya lori. Umekua nayo. Kwamba siku tuliyohamia kijiji kipya cha ujamaa kule Chole tulipakiwa kwenye lori pamoja na vitanda, kuku na kinu, wewe ukiwa mgongoni mwa mama yako. Kwamba lori liliruka shimo, mama yako akajigonga kwenye ukingo wa kinu, na meno yake ya mbele yakaishia hapo. Ulipokuwa darasa la tatu uliisimulia shuleni ukaongeza na simba. Mwalimu wako alinifuata nyumbani kunipa pole ya simba.

Lori halikuruka shimo, mwanangu. Yule dereva alikwenda polepole mno, hata watu walimtania kwamba amepakia mayai. Mama yako alipanda lori lile akiwa hana tena meno ya mbele. Niliyang'oa mimi, kwa koleo yangu ya kazi. Uongo wa lori niliutunga mimi, nikaulea, nikakurithisha wewe. Nakuomba uendelee kusoma, kwa sababu uongo huu haukuishia kinywani mwa mama yako.

Nilimwona mama yako mara ya kwanza kwenye arusi huko Vihingo. Nilikuwa nimechelewa kuoa. Nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno, nina baiskeli ya serikali na sanduku la vyuma vinavyong'aa, na nilijiona mtu. Wasichana wenzake walicheka kwa vinywa vyao vyote. Yeye alicheka nyuma ya ncha ya khanga. Kila aliyekaa karibu nami alimsifu: binti wa watu huyu, ana haya, amefunzwa akafunzika. Nami nikaamini. Hebu nifikirie mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuwafungua watu vinywa, nampenda mwanamke kwa sababu amekifunika chake.

Ni mtani wetu mmoja tu, mzee wa Kinyamwezi, aliyesema kweli, na kwa kuwa ni mtani hakuna aliyemsikiliza. Siku ya kupeleka posa alinishika bega mbele ya wakwe. "Shemeji," akasema, "hata mbuzi tunamfunua mdomo kabla ya kumchukua. Wewe unaoa khanga?" Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mama yako alicheka pia. Nyuma ya khanga.

Baada ya ndoa nikaona. Fizi zake hazikuwa zimevimba kama za watu niliowazoea. Ukoga wa meno ulikuwa kidogo sana, msafi yule. Lakini meno ya mbele yalikuwa yanacheza, yameachana, yamekuwa marefu kana kwamba yanataka kuondoka, na magego ya kwanza kila upande yalikuwa vivyo hivyo. Ukibonyeza ufizi, usaha unachungulia.

Wakati huo nilikuwa nikizunguka vijiji vya Kisarawe kufundisha. Nilisimama mbele ya ofisi ya kijiji nikawaambia watu waitikie: kinywa kisafi hakiozi. Waliitikia kwa sauti moja, na nilipanda baiskeli yangu nikiwa nimejaa kifua. Halafu narudi nyumbani, na mke wa mwalimu wa vinywa ana usaha kinywani. Nilifanya hesabu ya mpumbavu. Kama kinywa kisafi hakiozi, na chake kinaoza, basi yeye si msafi, na ananidanganya.

Nilimwambia asubuhi moja, akiwa ameshika mswaki wake wa mti: "Unasafisha kweli, au unanionyesha mimi?"

Aliendelea kusugua. Baadaye sana, juzijuzi tu, ndipo alipoeleza kwamba tangu siku hiyo alikuwa akisugua mpaka mswaki unakuwa mwekundu, kisha anautupa nyuma ya jiko nisiuone.

Nilimkwangua meno kwa vyuma vyangu. Nikampiga sindano za penisilini. Nikamsukutua kwa maji ya chumvi. Fizi zikatulia, mwezi ukaandama, usaha ukarudi. Nikarudia yote, nao ukarudi tena. Mwishowe, mchana mmoja jikoni, akiwa ameketi kwenye kigoda, niliyatoa. Hayakunipa kazi, yalikuwa yameshikiliwa na nyama tu. Kung'oa hakukuwa kosa, maana hiyo ndiyo tiba niliyokuwa nayo. Kosa langu ni kwamba nilimlaumu mgonjwa, na lawama ilipokwisha nikaanza kuona aibu, na aibu ikatafuta pa kujificha.

Ilipata lori. Tulipofika Chole, watu wanashusha mizigo, jirani mgeni akamtazama mama yako kisha akanigeukia: "Bwana Meno, mkeo yamemfika nini?" Kinu kilikuwa chini kati yetu. Nikasema, "Lori, bwana. Shimo." Mama yako alinisikia. Aliinama akashika mguu wa kitanda, akaendelea kushusha.

Utauliza, waliokuwa ndani ya lori hawakusema? Walikuwa ukoo wake mtupu, nao waliukamata uongo wangu kwa mikono miwili. Heri lori kuliko kuitwa ukoo wa vibogoyo, mabinti wakakosa waume. Mama yako mkubwa Zena wa Vihingo, ambaye mnamtwangia muhogo mpaka uwe unga laini ndipo ale, uliwahi kuniuliza ukiwa mdogo: "Na Mama Zena naye ni lori?" Nikakujibu kwamba yeye ni uzee. Zena alikuwa kijana, Mwanahamisi. Alikuwa bado ananyonyesha.

Mtu mrefu amepita. Sasa mwone huyu mfupi.

Nilipolazwa mjini mwaka huu kwa ajili ya moyo, alipita wodini daktari wa meno, msichana mdogo kabisa, amerudi kutoka masomoni, jina lake Dakta Neema. Aliponiamkia nilimwambia mimi na yeye ni kazi moja. Akaniambia nifungue mdomo. Akachungulia kwa muda.

"Mzee, umesema ulikuwa unafundisha watu kusafisha vinywa?"

"Maisha yangu yote."

"Na wewe ulipangiwa siku gani?"

Nilicheka hadi muuguzi akaja kunitazama. Ni kweli, mwanangu. Mimi na kiko changu, mimi na kahawa yangu, na mswaki nikiukumbuka. Nina ukoga mgumu kama udongo wa kichuguu. Lakini Dakta alipoyatikisa meno yangu, hakuna hata moja lililosogea. Yeye akapita. Mimi nikabaki kitandani na swali lililonikaba: mchafu ana meno yote, msafi ameyapoteza. Nilikuwa na ushahidi huo mezani kwangu kila siku ya ndoa yetu, tukila sahani moja, na sikuuona.

Nilipopata nguvu ya kutembea nilimfuata chumbani kwake nikamsimulia habari ya mama yako, bila lori. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema. Hakunishangaa. Alinivutia kiti mbele ya hadubini, akachokoa kidogo chini ya ufizi wangu, akaweka kwenye kioo na tone la maji, akaniambia nitazame.

Ewe mwanangu, kesho kutwa utaanza masomo ya maabara, na vyombo hivyo utavizoea hata uvichoke. Usivichoke upesi. Niliona soko la Jumamosi. Vingine vinapiga mbizi, vingine vimejisokota kama mizizi vinajinyonga vikienda, vingine ni vijiti vinavyoteleza. Vyote hai, vyote vyangu, nimetembea navyo miaka yote. Nilisahau kwamba nina moyo mgonjwa.

Kisha akanionyesha kioo kingine, kilichotoka kwa binti wa shule wa umri wako, ambaye meno yake ya mbele yanalegea kama ya mama yako. Nilitegemea kuona soko kubwa zaidi. Kulikuwa karibu kutupu. Vijidudu vichache, na baadhi yake punje fupi zimetulia, hazitembei kabisa. Nikasema, basi huyu ni mzima. Dakta akatikisa kichwa. Akasema wanaorukaruka wanatishia macho tu, lakini miongoni mwa hawa waliotulia yupo mbaya wao. Bakteria huyo anatoa sumu inayoua chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Tena hakai juu ya jino tu ambako mswaki au chuma kingemfikia. Anaingia ndani ya nyama ya ufizi, anajificha, na mkwanguo ukipita anarudi jinoni kama mwenye nyumba. Na penisilini yangu ilikuwa inamkuna tu.

Nikamwuliza, kwa nini kwa huyu binti na si kwangu? Hapo ndipo aliponipa jambo ambalo nimelibeba hadi nyumbani kama yai. Kwa watu wengine, alisema, askari hao weupe wanazaliwa wazito wa kuitika. Wanaitwa ufizini, wanachelewa. Bakteria anapata nafasi ya kujenga. Na wakishafika, wanafika kwa hasira na wengi, wanamwaga sumu zao wenyewe ovyo, na sumu hizo ndizo zinazoyeyusha nyama na mfupa unaoshika jino. Mara nyingi udhaifu huo unakwenda kwa damu, mama, dada, binti. Wenye elimu bado wanabishana juu yake, aliniambia, usije ukasema umeambiwa yote.

Niliuona mfupa huo, mwanangu, kwa sababu niliwahi kuliona shamba. Mwaka wa kwanza pale Chole nguruwe aliingia kwenye mpunga wa mama yako. Kijiji kilikuwa kigeni, watu hawajajuana, ngoma ya kuita msako ilipigwa jua likiwa limeshapanda. Tulipofika tumefika wote, kwa mikuki, kwa mbwa, kwa kelele, tukizungukazunguka shambani kumtafuta nguruwe mmoja aliyejilaza kichakani. Jioni mama yako alisimama pembeni ya shamba akaniambia, "Nguruwe alikula kona. Hii iliyobaki mmeila nyinyi." Nilikuwa mmoja wa hao walinzi. Nilipomsimulia Dakta Neema aliandika mkononi mwake kwa kalamu, akasema atawafundishia wanafunzi wake.

Sasa naja kwako, na naandika taratibu.

Wewe ulikuwa mtoto wa miwa. Miwa ya Ruvu ulikuwa unaimenya kwa meno, unaivunja kwa meno, unatupa makapi mpaka kwa jirani. Tangu mvua za mwaka jana unaomba kisu. Unakata vipande vidogo, unavipeleka pembeni mwa mdomo. Muhogo wa kuchoma unaumega kwa vidole. Na wiki iliyopita shangazi yako alipokuwa anakutania habari za vijana wa mjini, ulicheka, mkono ukapanda, khanga ikapanda nao. Shangazi akasema, "Amekua huyu, amepata haya."

Maneno yale yale.

Nilikuuliza siku hiyo hiyo kama fizi zinakusumbua. Ukasema, "Si kitu, Baba." Ungesemaje vingine? Katika hadithi niliyokulisha, mama yako aligongwa na lori. Hakuna njia ya wewe kujua kwamba kinachokupata kina jina, kina ndugu, na kwamba si uchafu wako. Nimekuona asubuhi ukisugua kwa nguvu. Acha, mwanangu. Safisha, ndiyo, lakini usijiadhibu. Huna hatia ya kulipia.

Leo asubuhi nilimwambia mama yako kwamba nitakuandikia yote, na kwamba bila ruhusa yake siandiki. Alikuwa anapepeta mchele wako wa safari. Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu hospitalini, nikayasahau, nikabaki nasema nilikukosea, Tatu, nilikukosea. Alipepeta mpaka akamaliza.

"Baba Mwanahamisi," akasema, "lile lori umelisingizia vya kutosha. Mwandikie mtoto."

Halafu akacheka, kwa kuwa nilikuwa nalia na yeye hakunizoea hivyo. Hakuinua khanga. Nimekaa na mwanamke huyu tangu kabla wewe hujazaliwa, na leo ndipo nimeona kicheko chake kizima, pengo na yote. Ni kizuri sana. Nilijinyima mwenyewe.

Basi sikiliza furaha yangu ilipo. Tiba ipo sasa. Dakta Neema anasafisha chini kabisa ya ufizi, pale ambapo vyuma vyangu havikufika, mara nyingine anaufunua ufizi na kuitoa ile nyama iliyokaliwa, na anampa mgonjwa tetrasaiklini, ambayo bakteria yule haiwezi kama alivyoiweza penisilini. Usije ukainunua dukani ukajimezea. Yeye ndiye anayejua kiasi na wakati. Yule binti wa shule mfupa wake umeanza kujijenga tena. Niliona picha zake mbili zikiwa zimewekwa pamoja juu ya taa. Mfupa, Mwanahamisi, unarudi. Mimi nilifundishwa kwamba mfupa ukiondoka umeondoka. Nilisimama pale kama mtu aliyeonyeshwa mto unapanda mlima.

Sikuahidi. Dakta mwenyewe alinikataza kuahidi. Wapo wanaotulia miaka kisha ugonjwa unawarudia, wapo ambao dawa haiwashiki, na utatakiwa kwenda kwake tena na tena hata siku ambazo hujisikii kuumwa. Lakini umegunduliwa mapema, na mama yako hakugunduliwa, alishtakiwa. Hiyo ndiyo tofauti ya maisha mawili.

Nimemwomba Dakta akupokee kesho utakaposhuka mjini, kabla hujaripoti chuoni. Amekubali. Chumba chake kiko mwisho wa jengo la wagonjwa wa nje, mama yako atakufikisha. Lakini hawezi kuufungua mdomo wako, wala mimi siwezi. Nilijaribu kuwafungua watu vinywa kwa amri miaka yote, nikapata walichotaka nikione. Wewe amua. Ukiamua kutokwenda, sitakuuliza, na barua hii haitakuwa kesi kati yetu. Ila ujue kwamba utakuwa umefunika mdomo kwa ajili yangu, kwa ajili ya aibu yangu mimi, na aibu hiyo mwenyewe nimeshaivua.

Sijui kama nitakuwepo utakaporudi likizo. Usikasirike na sentensi hiyo, nimeiandika nikiwa mchangamfu. Nikiwepo, nitakuomba uniletee kioo kidogo cha maabara nikuoneshe nilivyo tajiri wa vijidudu. Nisipokuwepo, mwulize mama yako maswali yote uliyokuwa unaniuliza mimi. Atakujibu kweli. Amesubiri mtu wa kumwuliza.

Nasikia sauti yako njiani, unawaamkia majirani. Naikunja barua, nitaiweka juu ya sanduku, chini ya kamba.

Kesho barabarani mtapishana na malori mengi. Mojawapo likiwa kuukuu, limejaa vitanda na kuku na kinu, lipungie mkono kwa niaba yangu. Lilitufikisha salama. Halikumgusa mama yako. Kisha geuka umwangalie aliyeketi pembeni yako, mcheke pamoja, na mikono yenu ibaki mapajani.

Baba yako
Maili Moja, Kibaha